Jibini la Siku ya Mfungo

Kila alfajiri Filina alimsaidia baba yake, Damoni, kukanda udongo wa vyungu, kisha akamchotea maji Bibi Uttara, mama wa mama yake. Hapa kwetu Taksila, mji wa India wenye Wagiriki wengi, nyumba hiyo ilijulikana kwa ubishi. Damoni, Mgiriki, alimfuata Epikuro aliyefundisha kwamba kuishi vizuri ni kupata raha tulivu pamoja na marafiki. Bibi alimfuata Budha, akishikilia kwamba utulivu huja mtu anapoacha kutamani. Walibishana kila siku, na walipendana sana.

Mwezi huo karamu ya Damoni ya tarehe ishirini, ya kumkumbuka Epikuro, iliangukia siku ya mfungo wa bibi. Filina, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameahidi kufunga kwa mara ya kwanza: hakuna kula tangu adhuhuri hadi alfajiri. Tena alijigamba kwa mtaa mzima.

Alasiri aliachwa jikoni apange jibini la wageni. Harufu ikamshinda. Akatazama huku na huku, akameza kipande, akajifuta mdomo.

Jioni bibi aliketi na wageni, akinywa maji ya matunda tu, akaanza kumsifu mjukuu wake. Kesho, alisema, wangepeleka maua kwenye mnara mtakatifu, kina mama wamwone mtoto aliyeweza kufunga. Filina aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Bibi, usinisifu," alisema. "Nimekula jibini alasiri."

Damoni akasema taratibu, "Epikuro alituonya. Anayeficha kosa hana raha, kila akiitwa anashtuka."

"Mkwe wangu, wewe unaanzia mwishoni," bibi akajibu. "Hata kama kosa lisingejulikana kamwe, tamaa ingeendelea kumtafuna."

"Sasa nimfuate nani?" Filina akauliza, machozi yakimlengalenga.

Bibi akamvuta karibu. "Baba yako anataka ukwepe kosa lisikuharibie raha. Mimi nataka uikate tamaa kabla haijazaa kosa. Hayo tutabishana mpaka tuchoke. Lakini ulipofanya kosa, ulisema kweli, na sasa unapumua vizuri. Hapo mimi na baba yako hatubishani."

Kisha akacheka, akainamisha kichwa. "Mimi, siku ya mfungo wangu wa kwanza, nilimaliza bakuli zima la wali wa maziwa, nikanyamaza miaka hamsini. Kesho tutakwenda mnarani sote wawili. Wewe utasema la jibini, nami nitasema la wali."