Chai ya Shemeji na Damu ya Zipora

Wakati wa kuchuma pamba, asubuhi za Samuye huwa na vumbi laini. Ng'ombe wakitoka zizini, vumbi linapanda taratibu. Jua linaingia ndani yake. Hapo kijiji chote kinaonekana kama kitu unachokikumbuka, si kitu unachokiona.

Zipora alizipenda saa hizo. Alifagia uwanja, kisha akaanika matobolwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na watoto huvitafuna wakienda shule. Akimaliza, alikaa juu ya jiwe lile. Zamani hakuwa mtu wa kukaa. Siku hizo alikaa.

Alikuwa mgonjwa. Uvimbe ulimtoka shingoni. Haukuuma. Ulikua tu, polepole, kama kitu chenye subira. Mumewe Nkwabi alimpeleka hospitali ya Shinyanga mjini, na kutoka huko wakatumwa Mwanza kwa treni. Daktari wa Mwanza alikata kipande kidogo cha uvimbe, akakipima. Hakuwaficha. Aliwaambia ni saratani, ule ugonjwa ambao wengi huuita kansa. Lakini kansa ya namna ile, alisema, ina dawa yake. Ni sindano. Unachomwa, unarudi nyumbani kupumzika, halafu unakwenda kuchomwa tena, mpaka dozi iishe.

Sindano zile ni kali. Zinaupiga ugonjwa, na zinapunguza damu pia. Kwa hiyo kabla ya kila safari, Zipora alipimwa damu Shinyanga mjini. Damu ikitosha, anapanda treni. Isipotosha, anangoja. Alipewa na vidonge vya kuongeza damu, avimeze kila siku.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Uvimbe ulinywea ukawa kama punje ya harage. Nkwabi alianza tena kupiga mbinja akienda shambani.

Ndipo aliporudi Makoye.

Makoye ni mdogo wake Nkwabi. Alikuwa kusini, akijenga reli pamoja na Wachina. Kazi ilipokwisha alirudi na viatu vipya na kopo kubwa la bati. Ndani ya kopo mlikuwa na majani makavu, ya kijani, yaliyojikunja kama viwavi.

"Hii ndiyo chai yao, shemeji," alimwambia Zipora. "Wanakunywa kutwa. Sikumwona hata mmoja akiugua."

"Ungewaonaje, na wewe kazini ulikuwa unalala?"

Makoye alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akapanda basi kwenda Kahama, kwenye biashara ya mpunga. Hakueleza chai ile inavyotengenezwa. Wala hakuna aliyemwuliza.

Kopo likabaki mikononi mwa Mageni, mama yao Nkwabi na Makoye, ambaye nyumbani wote walimwita mayu, yaani mama. Mageni alimpenda mke wa mwanawe kama alivyowapenda watoto wa tumbo lake. Na kwa Mageni, majani makavu yaliyotoka mbali kwa ajili ya mgonjwa hayawezi kuwa chai. Hayo ni bugota, yaani dawa. Na bugota ina taratibu zake. Inatiwa kwenye chungu, inachemshwa, inaongezwa maji, inachemshwa tena, mpaka ng'ombe warudi. Ikiwa nyeusi na kuukaza ulimi, ndipo imeiva.

Tena bugota haitajwi. Ukiwa unatumia dawa ya mganga huyu, huisemi mbele ya mganga yule. Ukiisema, inapoa. Haina nguvu tena. Ndivyo Mageni alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea wanawe.

Basi Zipora akawa anakunywa bakuli asubuhi, bakuli mchana, bakuli jioni. Vidonge vya damu vilimwachia ladha ya chuma mdomoni, kwa hiyo alivisukuma kwa bakuli hilohilo. Mageni mwenyewe alimshikia.

Siku zikapita. Zipora akaanza kuishi kama mtu aliye katikati ya usingizi. Masikio yalivuma kama mzinga wa nyuki. Kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali hata ng'ombe walipokuwa mlangoni. Mchana alilala, akaota anatembea juu ya ziwa, na maji yake ni meupe kama pamba. Akiamka, ukuta wa nyumba ulionekana kusogea nyuma kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayempisha mtu njia. Haikuwa ndoto mbaya. Wakati mwingine alitamani ibaki. Lakini usiku, saa za kulala, macho yalikataa kufumba.

Alipokwenda kupimwa, damu haikutosha. Wakamwambia angoje. Alipokwenda tena, ilikuwa imeshuka zaidi. Na siku moja, akiwa juu ya jiwe lake, alipapasa shingo. Ile punje ya harage ilikuwa imekuwa kama kokwa la embe dogo.

Hakumwambia mtu. Alijua maana yake. Bila damu hakuna sindano, na bila sindano kitu kile kitaendelea kukua.

Safari iliyofuata alimkuta nesi Justa chumba cha kupimia. Justa amezaliwa kijiji cha jirani na Samuye. Alimwamkia, akamchoma kidole, akalitazama tone la damu kwa muda mrefu. Lilikuwa jepesi kama maji ya rozela. Akawauliza Zipora na Nkwabi kama kuna dawa nyingine inayotumika nyumbani. Nkwabi alitazama dari. Zipora alitazama miguu yake.

Justa aliwaelewa. Kwao pia bugota haitajwi. Akageuza swali.

"Mama Ngassa," alimwita Zipora kwa jina la mtoto wake, "vile vidonge vya damu unavimeza na nini?"

"Na chai," akasema Zipora. Alikuwa amechoka, na neno chai halikuwa neno la mwiko.

"Chai ya maziwa?"

"Ya shemeji. Ya Wachina. Mayu anaipika."

"Anaipika tangu saa ngapi?"

Zipora akafikiri. "Tangu asubuhi," akasema polepole.

Nkwabi alishusha macho kutoka darini. Alijua imeshasemwa.

Jumamosi Justa alifika Samuye kwa baiskeli. Alimsalimu Mageni kwa kupiga goti, "Mwangaluka, mayu," na Mageni akaitikia vizuri. Akaletewa kigoda na maziwa ya mgando. Wakazungumza habari za mvua na za ndugu. Halafu Justa akaomba kuona chungu.

Mageni akamtazama mke wa mwanawe.

"Umeitaja," alisema. "Basi imekufa."

Zipora akalia. Alilia bila sauti, kama mtu anayeota. Justa hakumkatiza. Alipoona machozi yamepungua, akamgeukia mama mkwe.

"Mayu, kama imekufa, kuitazama hakutaizidishia kifo."

Mageni alitaka kukasirika, akashindwa. Akaenda kuleta chungu.

Justa akaomba bilauri mbili za maji. Katika moja akatia matone ya ile chai nyeusi mpaka maji yakawa ya rangi ya asali. Ya pili akaiacha maji matupu. Kisha akasaga vidonge vya damu, akavikoroga kwa maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, akamimina nusu kwenye maji matupu. Hayakubadilika sana. Nusu nyingine akaimimina kwenye ile rangi ya asali.

Maji yakawa meusi. Yakawa meusi kama wino.

Mageni aliinama mpaka pua ikakaribia bilauri. "Vimeshikana," akasema.

"Vimeshikana, mayu. Kidonge hiki ni chuma, na mwili unajengea damu kwa chuma. Chai ina kitu kinachokaza ulimi. Kitu hicho kinakishika chuma tumboni, hakikiachi kiingie mwilini. Chai nyeusi ya dukani inafanya hivyohivyo. Lakini hii mmeichemsha kutwa nzima, imekuwa kali sana."

"Kwa hiyo nilikuwa namlisha kwa mkono huu, na kumnyang'anya kwa mkono huu."

"Hukujua. Na wala si chai peke yake. Sindano nazo zinapunguza damu. Ndiyo maana vidonge vilitakiwa vimsaidie."

Wakati huo Makoye akaingia uani, amefika kutoka Kahama na kiroba cha mchele begani. Akaulizwa Wachina walikunywaje. Akaenda kuchungulia chungu, akarudi amejishika kichwa.

"Mayu, hapa umepika reli nzima pamoja na mataruma yake."

Akachukua majani machache kwa ncha za vidole, akayatia kwenye bilauri, akamimina maji ya moto. Akangoja kidogo. Maji yakapata rangi hafifu ya majani machanga. Mageni akaonja, akasema hayo ni maji yaliyooshewa vikombe.

Zipora alikuwa ametulia sasa. Akauliza lile alilotaka kujua tangu mwanzo. "Nesi, hii chai inatibu kansa, au inaniua?"

"Sikudanganyi," Justa akamjibu. "Hakuna aliyetuthibitishia kwamba inatibu kansa. Chai ni kinywaji. Ikiwa nyepesi hivi, kikombe kimoja au viwili kwa siku, watu wengi haiwadhuru. Lakini wewe una dawa kali mwilini. Dawa hizo ini lako ndilo linalozishughulikia. Ukiliongezea na chungu kizima cha majani, unalibebesha mizigo miwili, na hatujui litaibebaje. Na chai inafukuza usingizi. Ndiyo maana usiku unakesha. Kwa sasa iache kabisa. Mimi nitamwuliza daktari."

Akawaeleza kwamba vidonge vya damu humezwa kwa maji. Akiweza, ale na pera au anyonye ndimu, kwa sababu vitu vichachu vya namna hiyo husaidia chuma kuingia mwilini. Ale dagaa, maini, maharage na majani. Jambo la mwisho alilisema akiwa ameshika usukani wa baiskeli, akimtazama Mageni zaidi kuliko wengine.

"Mayu, mganga wa kienyeji tunamficha dawa ya mwenzake. Hospitali ni kinyume. Dawa zetu hazipoi zikitajwa. Ila tusipojua mgonjwa anakunywa nini, tunatibu tukiwa tumefumba macho."

Jibu la daktari lilikuja wiki iliyofuata. Alikubaliana na Justa, akaongeza ya kwake. Chai isinywewe mpaka damu ipande. Baadaye, Zipora akiitamani, anywe nyepesi, kikombe kimoja, isiyomchoma mdomo, mchana na si jioni. Kati ya chai na vidonge upite muda wa kutosha, kama wa kupika maharage mpaka yaive. Siku ambazo tumbo linachafuka kwa sababu ya sindano, aache. Na akipewa dawa yoyote mpya, aulize kwanza, kwa kuwa ziko dawa zisizopatana na baadhi ya vyakula na vinywaji.

Mageni akaosha chungu. Akaanza kupikia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na dagaa juu yake, na ndimu. Alimsimamia Zipora kula kama alivyomsimamia kunywa. Vidonge alimpa kwa maji ya mtungini. Makoye alipomtania kwamba sasa amekuwa nesi wa Samuye, alimwambia akae kimya au apewe kazi ya kuokota kuni.

Damu haipandi kwa siku moja. Zipora aliendelea kuota ziwa lile jeupe. Lakini polepole ndoto ikaanza kumwachia. Kengele za ng'ombe zikasogea karibu. Mlio wa masikioni ukafifia. Asubuhi moja alianika matobolwa, akamaliza, akashuka kwenye jiwe kabla hajakaa. Alifika shambani ndipo akakumbuka kwamba hakukaa.

Justa alipomchoma kidole, tone lilitoka jekundu. Alimtazama Nkwabi, akamwambia aende akaulize treni ya Mwanza.

Safari hiyo Mageni alikwenda naye. Alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikaa dirishani akitazama mbuga zikielea nyuma, miti, mawe, mifugo, vyote vikienda taratibu kama vimesinzia, mpaka maji ya ziwa yalipoonekana. Huko Mwanza daktari aliuliza kama mgonjwa anatumia kitu chochote nje ya dawa za hospitali. Zipora alifungua mdomo. Mama mkwe akamtangulia.

"Alikunywa chai ya Wachina. Niliipika mimi, ikawa nzito. Tumeiacha. Sasa anakunywa maji, anakula nsansa, ndimu, dagaa na maini nikiyapata. Kiunoni nilimpaka mafuta ya mbarika. Ni hayo."

Daktari akaandika yote. Zipora akachomwa sindano yake. Safari nyingine ikafuata, na nyingine, mpaka dozi ikaisha. Kila mara Mageni alikuwepo, na kila mara alisema kila kitu, hata uji.

Safari ya mwisho daktari alikuwa mgeni, kijana aliyehamishwa kutoka kwingine. Alipapasa shingo ya Zipora huku na huku. Akasema hakuna kitu anachokisikia, ila lazima aendelee kuja kuangaliwa, asije akajiona amepona akapotea. Kisha akamwomba amwonyeshe uvimbe ulikuwa upande gani.

Zipora aliweka kidole kulia. Akasita. Akakihamishia kushoto. Akapapasa tena, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mayu," akasema, "ule uvimbe ulikuwa wapi?"