Alhamisi Iliyobaki Nyumbani

Siku walipokutana kwa mara ya kwanza, kinyozi alikataa kumnyoa.

Ilikuwa Jumamosi na kinyozini hapakuwa na pa kutema mate. Wateja wamebanana kwenye benchi, redio inapiga kelele, mashine zinanguruma, harufu ya spiriti imetanda hadi mlangoni. Msichana aliingia na gauni la njano lililomkaa sawasawa, akajitupa kwenye kiti, akafungua kitambaa. Nywele zikamwagika mpaka mabegani.

"Nyoa zote."

"Zote hizi? Dada, umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Wiki ijayo napanda meli ya kitalii, naenda kuoka mikate. Huko baharini msusi nitamtoa wapi?"

"Basi tafuta kinyozi mwingine. Dhambi hiyo mimi siibebi."

Benchi zima likaangua kicheko. "Fundi, mkono unatetemeka?" mmoja akamchokoza.

"Mkono uko sawa. Moyo ndio umeleta matatizo."

Mwishowe alimnyoa, polepole kama mtu asiyetaka kazi iishe, kisha akamwomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Nijue zikianza kuota."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia siku ya safari, mtaa mzima ulikuwa unajua kinyozi amepatikana. Akamsindikiza mpaka bandarini akiwa amembebea begi, akimwita Nahodha wake.

Melini Nahodha alikesha na tanuri, mchana akapanda juu kuitazama dunia. Na dunia ilimpa vitu! Aliona mlima wa barafu ya buluu, mkubwa kuliko mtaa wao wote, ukipita kimyakimya karibu na meli. Aliona kisiwa chenye barabara moja tu, ambako meli ni nadra kiasi kwamba watu wote walishuka gatini, na mbwa wao. Kila alichokiona alitamani kumsimulia mtu mmoja.

"Nahodha wangu, leo uko wapi?"

"Mwisho wa dunia, laazizi. Nimeona ndege wanatembea kama wewe ukivaa viatu vipya."

"Wananyolewa wapi hao?"

"Hawanyolewi. Ndiyo maana leo sijakukumbuka."

"Haya, nicheke tu. Sikiliza, roho yangu. Alhamisi jioni mama anakuja hapa kinyozini, na shangazi yako nimemwalika. Nitaiweka simu katikati. Upige, nikuulize mbele yao."

"Uniulize nini?"

"Usijifanye mgeni."

Alikata simu huku mashavu yakimwaka. Alimpenda kinyozi, hilo halikuwa na mjadala. Lakini bahari nayo alikuwa amekwisha kuipenda, na aliogopa kwamba siku ya kusema ndiyo ataambiwa achague. Usiku wa kuamkia Alhamisi alikanda unga akipanga maneno. Jioni ya nyumbani ilikuwa alfajiri ya melini, wakati mikate inatoka tanurini. Atapiga hapohapo.

Sasa, katika meli ile siku zilijulikana kwa mazulia ya lifti. Baharini kila siku inafanana na mwenzake, kwa hiyo kila usiku mfagizi alitandika zulia dogo lenye jina la siku mpya. Alfajiri ile Nahodha alisukuma toroli la mikate hadi kwenye lifti, aproni safi, midomo imepakwa rangi, simu mfukoni. Akatazama chini. Zulia liliandikwa Ijumaa.

"Babu, wamekosea zulia," alimwambia mkuu wa waokaji, mzee mnene ambaye wote walimwita Babu Hamira.

"Hawajakosea, mjukuu wangu. Usiku tumevuka ule mstari wa katikati ya bahari, tarehe huruka hapo. Jana Jumatano, leo Ijumaa. Hukusoma tangazo?"

"Na Alhamisi imekwenda wapi?"

"Kamuulize aliyechora mstari."

Nahodha alikaa juu ya gunia la unga akalia. Simu ilikuwa mfukoni na mtandao ulikuwepo. Hakupiga. Apige ya nini, na siku imekwisha kupita?

Baadaye ujumbe ukaingia: "Tumekusubiri mpaka mama akainuka. Jibu nimelipata."

Akapiga mbiombio. "Mpenzi, huku Alhamisi haikuwepo!"

"Dada," kinyozi alisema, na neno hilo lilimchoma kuliko tusi, "nimeshasikia watu wakikosa basi. Kukosa siku ndio kwanza nakusikia wewe."

Tangu hapo hakupokea tena. Akampigia shangazi, naye akapokea. "Mwanangu, hata kama humtaki, si ungebuni uongo unaoeleweka?"

Meli ikaendelea, na visiwa vikaja, kimojawapo kina mlima unaofuka moshi. Vilikuwa vizuri vilevile, ila sasa hakuwa na wa kumsimulia.

Mkataba ulipokwisha, hakwenda nyumbani kwanza. Alishuka na begi lake na koti jipya la buluu, akaenda moja kwa moja kinyozini. Ilikuwa Jumamosi tena, benchi limejaa. Kinyozi alikuwa ameshamnyoa mteja ndevu za upande mmoja. Wembe ukasimama hewani.

"Zimeota," alisema, akizitazama nywele zake.

"Sikuja kunyolewa. Nimekuja unisikilize."

"Ngoja nianze mimi. Nilitaka kukupigia, aibu ikanishika." Akaweka wembe chini. "Kuna mteja wangu mwalimu. Nilimsimulia habari yako kama kichekesho. Akacheka, kisha akamkamata mzee mmoja mwenye upara, akakifanya kichwa chake dunia. Akachora mstari kisogoni kwa poda. Akasema ni kweli kabisa, siku huruka."

"Nilikwambia!"

"Tulia, haijaisha. Akasema inaruka kwa aliye melini tu. Huku haikuruka. Ile saa unalitazama zulia lako, sisi tulikuwa tumekaa hapahapa, Alhamisi jioni, simu katikati."

Nahodha alishika mdomo. "Yaani ningepiga palepale..."

"Ningepokea kabla haijalia vizuri."

Kicheko kikamtoka, na machozi yakafuata nyuma yake. "Mungu wangu! Nililia juu ya gunia la unga, na mlikuwa mnaningoja!"

"Nisamehe, roho yangu. Wewe ulikosea siku. Mimi nilikosea mtu." Akamshika mikono, poda ikingali kwenye vidole. "Mashahidi ni hawa. Utanioa—" Benchi likalipuka. "Nimechanganyikiwa! Utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Lakini ujue kabla hujafurahi: kuna mkataba mwingine, na nitausaini. Bahari siiachi."

Mtu akazima redio. Nahodha alimtazama usoni, akingoja neno alilokuwa akiliogopa tangu kule kwenye barafu.

"Siku nilipokupenda ulikuwa unaondoka," kinyozi alisema. "Begi si nililibeba mwenyewe?"

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa yule mteja wa ndevu nusu.