Damu ya Sharubati

Mimi naogopa hata mende, kwa hiyo afadhali haya yalimpata rafiki yangu, mtia sauti wa filamu za kigeni. Mchana mmoja alipewa filamu ya mapenzi ya mnyonya damu, ya bei ya kutupa, aimalize kabla ya jioni au kazi apewe mwingine.

"Ukungu wake mzuri, kaka, kama ndoto," aliniambia. "Lakini yale mabusu! Mate tupu. Na damu yenyewe sharubati. Hata wewe bahili ungetafuta rangi."

Yule mnyonya damu, mwanamke, alipoinamia shingo ya mpenzi wake, rafiki yangu alizima sauti ya filamu ili arekodi yake. Mlio wa kufyonza ukaendelea. Akavua hedifoni, ukamsogelea sikioni. Shingo ikamwasha. Alipoipapasa, vidole vilirudi vyekundu, vinanata, vimejaa sisimizi.