Mkaguzi Mwenye Upande

Siku ya soko, Ishiara haina utulivu hata kidogo. Punda wanalia, wapimaji wa ndengu wanabishana, na spika ya muuza dawa ya panya inawashinda wote. Katikati ya vurugu hiyo Rwamba aliketi juu ya gunia, kompyuta mapajani, gauni lake la kitenge cha manjano limejaa vumbi, uso ameukunja. Yeye ndiye aliyewaandikia wanunuzi wa ndengu programu ya bei, na leo programu hiyo ilikuwa ikimtoa jasho.

"Dada, code ndefu hivyo itakuzeesha," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe, mfuko wa ndengu mkononi, anasoma kompyuta ya mwenzake bila haya.

"Kwani mamako hakukufunza kutosoma vitu vya watu?"

"Alinifunza. Lakini hii imenihurumisha."

Rwamba akacheka bila kutaka. Misheck Mutuma alikuwa mtu wa Mikinduri, kazi yake ya kompyuta iko Meru mjini. Akachuchumaa, na Rwamba akamweleza shida. Wauzaji walituma ripoti kwa simu kwa mtindo wa JSON, yaani mifuko ndani ya mifuko, hali hifadhidata inapenda mambo yapangwe kwa mistari na safu. Kila mfuko ilibidi aufungue kwa code yake mwenyewe.

"Kuna fanksheni za kufungua hiyo mifuko," Misheck akasema. "Kiwango cha kimataifa cha hifadhidata kilizitaja kitambo. Hifadhidata yetu hii ya bure ndiyo bado haina."

"Nani anafaa kuzijenga?"

"Yeyote. Ni ya watu wote. Mimi ni mmoja wa wakaguzi wake tu, napitisha kazi zinazoletwa." Akamtazama. "Hata wewe unaweza, mrembo."

Wee! Msichana wa Siakago haambiwi anaweza halafu akalala. Rwamba alijenga zile fanksheni mwaka mzima, chumbani kwake Embu, na simu ya Misheck haikukauka.

"Rwamba, hicho kichwa kimetengenezwa na nini?"

"Uji wa mtama. Wewe endelea kutafuna miraa yenu."

"Sitafuni, mpenzi. Nimeshiba sauti yako."

Jumamosi Misheck aliteremka kutoka Meru, wakatembea mjini Embu wameshikana mikono, yeye akinukia sabuni, Rwamba amevaa sketi ya buluu aliyojua inamkaa. Walipendana waziwazi. Misheck alipoipitisha kazi ya Rwamba iingie katika toleo jipya la hifadhidata, Siakago nzima ikajua, na mamake Rwamba akatoa shukrani kanisani.

Toleo likiwa karibu kutoka, asubuhi moja Misheck akaandika kwenye ukumbi wa wazi wa mradi, mbele ya waandishi wa programu wa dunia yote: kazi ya Rwamba ina kasoro kubwa kwenye mifuko mitupu, haitatoka mwaka huu, anaiondoa.

Rwamba alisoma akiwa kazini. Akampigia papo hapo.

"Jana uliniita roho yako, Misheck. Leo unaniaibisha mbele ya dunia? Si ungenipigia kwanza?"

"Aki nimeiona asubuhi hii. Na sheria yetu ni moja, kasoro inasemwa mahali wote wanaona. Hata ingekuwa yangu."

"Basi kaa na sheria yako."

Akamkatia. Alilia, akaacha kulia, akakasirika zaidi. Akaamua kuijaribu upya kazi yake ili amwonyeshe huyo Mmeru kwamba ameona vibaya. Akaingiza ripoti ambayo mfuko wake wa bei hauna kitu. Mtambo wote ukazima. Akaingiza tena, ukazima tena.

Hapo akaelewa. Muuzaji wa Ishiara akikosa mzigo hatumi ripoti kabisa, kwa hiyo Rwamba hakuwahi kuona mfuko mtupu hata mara moja. Lakini duniani kuna hospitali na maduka yanayotuma mifuko mitupu kila dakika, na fanksheni zake zingeyazima yote. Misheck ndiye aliyeipitisha kazi hiyo, kwa hiyo alipoiondoa alijiaibisha na yeye, na hakutafuta pa kujificha. Jamani, mwanamume wa namna hiyo unamkasirikia vipi?

Alirekebisha kwa miezi. Alijaribu mifuko mitupu, iliyotoboka, iliyofungwa kinyume. Kisha akaituma mbele ya wote, akingoja ukaguzi wa Misheck. Misheck akajibu kwa mstari mmoja: naomba mwingine aikague.

Simu ikalia Meru papo hapo.

"Kwani umenitupa kabisa? Nilikosea kukukatia, nimekubali. Ulikuwa sawa na ninakuheshimu kwa hilo. Lakini kunikataa tena mbele ya watu?"

"Sijakukataa, Rwamba. Mkaguzi hafai kuwa na upande."

"Upande gani?"

Misheck akavuta pumzi. "Nataka kukuoa. Nitawezaje kuikagua? Mara ya kwanza mapenzi yalinifumba macho."

Moyo wa Rwamba ulisema ndiyo kabla ya mdomo, lakini mdomo alikuwa na kazi nao.

"Sitakujibu leo. Ikipita, isisemwe ilipita kwa mapenzi. Ngoja aikague mtu asiyenijua."

"Na isipopita?"

"Utangoja nirekebishe tena."

Akangoja. Mama mmoja wa nchi ya mbali, asiyejua Siakago iko upande gani wa dunia, aliichambua kazi hiyo mstari kwa mstari, akairudisha, akaichambua tena. Mwishowe akaandika kwamba ni safi, na kwamba kwa miaka yake yote hajaona mifuko mitupu ikishughulikiwa vizuri hivyo.

Rwamba akapiga simu, machozi yakimtiririka.

"Misheck. Imepita."

"Nimeona! Hongera, roho yangu, hongera sana! Dunia nzima itaitumia, unajua? Kila mtu, Rwamba, kila..."

"Nyamaza kwanza," akasema. "Sasa niulize tena."