Barua ya Mwalimu Nyanchera

Kila asubuhi Kemuma alimsaidia mama yake kuchuma maua ya pareto, kisha akashika njia ya shule. Mwaka huo wa 1973 alikuwa darasa la sita, na alichokipenda zaidi shuleni kilikuwa hesabu za Mwalimu Nyanchera. Mwalimu huyo alifundisha sehemu, kama nusu na robo, kwa kukata ndizi mbivu mezani, na aliyepata jibu alikula kipande alichokihesabu. Hata wavivu waligeuka mabingwa.

Jumatano moja Mwalimu Mkuu, Bwana Onsongo, alimwita Kemuma ofisini. Mzee huyo alikuwa amebakiza siku chache tu astaafu.

"Mpelekee Mwalimu Nyanchera barua hii," alisema huku akivaa koti. "Ofisi ya elimu inamwita Kisii keshokutwa, saa tatu asubuhi. Wanataka kumpa kazi yangu. Asipofika, watampa mwingine. Mimi naenda mkutanoni Nyamira, nitarudi Jumatatu."

Kemuma alitoka akiwa mnyonge. Mwalimu akiwa mkuu atakaa ofisini, akiandika ripoti na kupokea wageni. Nani atawakatia ndizi? Alipofika mlangoni pa darasa alisita, kisha akaichomeka ile barua ndani ya daftari lake.

Alhamisi, baada ya kipindi cha hesabu, alimsikia Mwalimu Nyanchera akizungumza na Mwalimu Odero barazani.

"Sijapata barua yoyote kutoka Kisii. Nadhani wamemchagua mtu mwingine kuwa mkuu," alisema. "Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi ya kujenga darasa la tatu, watoto wasinyeshewe tena. Basi, nitaendelea na chaki yangu."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kemuma aliwakumbuka watoto wa darasa la tatu, waliosomea chini ya paa linalovuja. Alilichukua daftari akamfuata.

"Mwalimu, barua yako ni hii. Niliificha tangu jana."

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Kwa nini, Kemuma?"

"Niliogopa utatuacha."

Mwalimu Nyanchera aliikunja barua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kemuma akashangaa kuona kwamba alikuwa akicheka.

"Kumbe ndizi zangu zina nguvu hivyo? Haya, nenda nyumbani. Mimi nikapige pasi nguo."

Jumatatu, wanafunzi walipopanga mistari, Bwana Onsongo alimtangaza Mwalimu Nyanchera kuwa mkuu mpya. Shule nzima ilipiga makofi, na darasa la tatu likarukaruka hadi mistari ikavurugika. Mkuu mpya alisoma ratiba mpya. Kipindi cha kwanza cha hesabu, darasa la sita, bado kilikuwa na jina lake mwenyewe.

Baadaye alimwita Kemuma kando.

"Ulikosa, na adhabu yako ni kufagia ofisi yangu wiki nzima," alisema. "Lakini ulikuja mwenyewe kusema, wala hakuna aliyekukamata. Ukimpenda mtu, usimfungie njia. Na ukikosea, sema ukweli mapema, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa. Ungengoja hadi leo, machozi yako yasingetusaidia sisi wala wale wadogo."

"Nimesikia, Mwalimu," Kemuma alijibu, akaenda kutafuta ufagio huku akitabasamu.