Miguu ya Mama Mwanakhamisi

Asubuhi ya pili pale Matema, Batuli alipofunua shuka ili amwoshe mama mkwe wake, alikuta mchanga mbichi kwenye nyayo zake.

Haukuwa mchanga wa kupeperushwa na upepo. Ulikuwa umejaa hadi katikati ya vidole, unanuka tope la ziwani. Na Mama Mwanakhamisi, tangu kiharusi kimwangushe, mwaka wa pili huu hajakanyaga chini. Batuli ndiye aliyembeba kutoka kwenye gari na kumlaza kwenye kitanda kile, katika nyumba nzuri ya vigae waliyoikodi kwa likizo, hatua chache tu kutoka Ziwa Nyasa.

"Mama, nani amekutoa nje?"

"Nje wapi, mwanangu? Nimelala kama gogo."

Batuli alichota maji akaosha, huku neno baya likimpanda kifuani. Kumbe huyu anatembea! Kumbe siku zote hizi ananibebesha makusudi!

Alimweleza mumewe, Faraji, aliyekuwa barazani anakunywa chai.

"Batuli, umechoka," alisema Faraji. "Ndiyo maana nikawatoa Mbeya mje mpumzike. Usianze kumtafutia mama yangu kesi."

Basi mchana, Faraji alipokwenda kununua samaki, Batuli akaaga kwa sauti kwamba anakwenda kuanika nguo, kisha akarudi pekupeku na kujibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Alitaka kumfumania.

Ilianza harufu, ile ya tope, imechanganyika na kitu kama udi uliolowana. Kisha kitanda kikalia, nyayo zikagusa vigae, chwa, chwa, chwa, na mama mkwe akatokeza ukumbini akitembea kwa hatua ndefu za kijana wa kiume, ila kuanzia kiunoni kwenda juu hakukuwa na mtu anayetembea, maana kichwa kilikuwa kimelala begani, macho yamefumba, mikono inayumba kama ya shati lililoanikwa, na mama wa watu alikuwa anakoroma usingizi wake wa mchana huku miguu ikimpeleka mlangoni.

"Mama!"

Miguu ikasimama. Mkoromo ukakatika, na katika mdomo uleule ikatoka sauti nzito, ya upole.

"Usimwamshe. Miguu hii niliikuta haina mtu."

Faraji aliporudi alimkuta mama yake amekaa sakafuni katikati ya ukumbi, amelala, na mkewe amejibanza ukutani. Hakubisha tena. Alimpigia simu Ustaadhi Bushiri wa Kyela, naye akafika baada ya alasiri.

Ustaadhi hakukimbilia kusoma Kurani. Alimgeukia mgonjwa, ambaye sasa alikuwa macho na amekwisha kuelezwa yote. "Mama, tumwondoe?"

"Akitoka nitasimama tena?"

"Mungu ndiye ajuaye. Ila nahofu utarudi ulivyokuwa."

"Kataa, mama," Faraji alinong'ona. "Si unatembea!"

"Anayetembea si yeye," alisema Batuli.

Mama Mwanakhamisi aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu.

"Someni. Leo mkono nao umeshika kikombe kabla sijataka."

Aya za kwanza tu, miguu ikaruka. Ikatoka mbio na mwenyewe juu yake anapiga mayowe, Batuli akamdaka kiuno, wakaburutwa wote wawili mchangani mpaka maji yakawafika magotini, Ustaadhi nyuma yao anasoma kwa sauti ya juu, na ghafla miguu ikalegea. Mbele yao maji yalipasuka, chwa, chwa, chwa, kuelekea kina kirefu, na hapakuwa na mtu.

Waliondoka jioni ileile. Gari lilipokuwa linapanda kuelekea Tukuyu, Batuli alikaa nyuma, amempakata mama mkwe kichwa.

"Batuli, uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Nilikuwa natembeaje?"

"Vizuri, mama. Kama binti."

Mama Mwanakhamisi akatabasamu. Akalivuta sikio la mkwewe karibu, ili Faraji asisikie.

"Akirudi," alinong'ona, "nitamfungulia."