Karatasi Iliyolala Kwenye Droo

Chumba chetu cha mbele ni karakana ya ushonaji. Cherehani iko dirishani. Asubuhi mwanga hupita kwenye vitambaa tulivyotundika, na sakafu hugeuka bluu au njano, kutegemea tunashona nini siku hiyo. Mama huketi katikati ya rangi hizo, pini midomoni, macho yako mbali. Ukimwita, hukuitikia mara ya tatu.

Watu humwita Mama Kola, na jina hilo lina kisa chake. Mwaka mmoja tulipewa kazi ya mashati thelathini ya watoto wa shule. Sijui ilikuwaje, karatasi ya kukatia kola ya mtu mzima ikachanganyika na karatasi za watoto. Mama akakata, mimi nikashona. Hakuna aliyeuliza. Tulipoinua macho, kola kumi na mbili zilikuwa tayari, na kila moja ingemtosha babu wa mtoto. Mtaa mzima ulicheka. Karatasi ile Mama hakuitupa. Aliikunja akaiweka kwenye droo ya chini kabisa, eti imkumbushe.

Mama ana vitu viwili anavyojivunia. Cha kwanza ni mjukuu wake, binti yangu wa miezi mitano. Tunamwita Bosi kwa sababu ya amri zake. Cha pili ni macho. Mama hutunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu, bila miwani. Mimi hulamba uzi, nikalenga, nikakosa.

"Nyie mmezaliwa na macho ya mapambo," hunitania.

Jumatatu moja alianza kushika paji la uso, upande wa kushoto.

"Panachoma," alisema. "Kama mtu ananipitishia pasi."

Tulikuwa na kazi ya mapazia ya hoteli. Kwa siku kumi kabla ya hapo Mama alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Tukaisingizia taa. Nikabadilisha taa, maumivu yakabaki palepale.

Jumatano aliamka na vipele vyenye maji, kuanzia kwenye nywele hadi kwenye nyusi. Vilikuwa upande wa kushoto tu. Baba yangu ni mpaka rangi, kwa hiyo kwake kila kitu ni rangi.

"Ni rangi ya hayo mapazia," alisema. "Imekuunguza, mke wangu."

Nikaloweka mapazia yote na kuyasuuza. Kazi bure. Mama naye akafungua kopo la vifungo. Chini ya vifungo kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, vilivyobaki Baba alipoumwa jino. Kimoja akameza. Viwili akavifungua, akamwaga unga wake juu ya vipele.

"Mama, twende hospitali."

"Kwa vipele? Dawa ni dawa. Halafu watu waseme nina mkanda wa jeshi, wanipangie na ugonjwa wanaoutaka wao?"

Akajifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi asubuhi kipele kimoja kilikuwa kimetokea kwenye ncha ya pua. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Mama alichukua sindano atunge uzi. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Akaiweka sindano mezani taratibu. Hapo niliogopa kweli.

Nilimwachia Baba mtoto, nikakimbilia kwa jirani yetu. Anafanya kazi maabara ya hospitali, na tunamwita Dada Hadubini, maana siku nzima ameinamia hadubini akitazama vitu vidogo. Alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Alipoingia kwetu, aliitazama pua ya Mama kwanza.

"Vipele vimetoka lini?"

"Jana asubuhi."

"Basi tumewahi. Dawa yake inafaa ianze ndani ya siku tatu. Huu ni mkanda wa jeshi, Mama. Unaweza kutokea usoni pia, si kiunoni tu. Ukifika kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Unaweza kupofuka jicho hilo. Vaa viatu twende."

"Mbona nimeshameza dawa?" Mama akaonyesha kopo.

"Hiyo ni antibiotiki. Kirusi haimgusi hata kidogo."

Bosi akalia. Mama akanyoosha mikono ambebe, Dada Hadubini akamzuia.

"Hapana, Mama. Huyu hajawahi kuugua tetekuwanga. Akigusa maji ya hivyo vipele, ataipata. Subiri mpaka vikauke vyote."

Mama alirudisha mikono yake kwenye khanga. Sijapata kuona mikono iliyokosa kazi namna ile.

Kwenye benchi la hospitali, tukisubiri daktari wa macho, Mama hakutulia.

"Kwa nini dawa isimguse huyo kirusi? Si mdudu kama wadudu wengine?"

"Unazikumbuka zile kola za babu?" Dada Hadubini akamuuliza.

"Hata hapa mtanicheka?"

"Sikucheki. Nisikilize. Mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno, huzioni kwa macho. Kila seli ni karakana. Ina cherehani zake, uzi wake, mafundi wake. Bakteria naye ana karakana yake mwenyewe. Antibiotiki huvunja cherehani yake, au kuta zake. Sasa kirusi hana cherehani. Hana uzi. Ana karatasi ya kukatia tu, imo ndani ya bahasha. Antibiotiki ivunje nini?"

"Anashonaje basi?"

"Kwa cherehani yako. Bahasha yake inashika vizuri kwenye mlango wa seli. Seli inafungua, karatasi inaingia. Mafundi hawaulizi. Wanashona kilichochorwa."

"Kola kumi na mbili," Mama akasema polepole.

"Maelfu, Mama. Virusi hao wapya wakishakamilika, wanahamia karakana ya jirani."

"Na huyu wangu kaingia lini? Sijakaa na mgonjwa yeyote."

"Uliugua tetekuwanga utotoni?"

"Nilikuwa na miaka saba. Nilijikuna mpaka nikavishwa soksi mikononi."

"Ndiye huyo huyo. Wewe ulipona, yeye hakuondoka. Alijificha kwenye neva, karatasi imekunjwa, droo ya chini kabisa."

Mama alihesabu vidoleni. "Miaka hamsini?"

"Amelala. Kinga ya mwili ni walinzi wanaozunguka mtaani. Kila seli hutundika dirishani kipande cha kinachoshonwa ndani. Walinzi wakiona kipande kigeni, wanaizima karakana ile ili mtaa upone. Lakini aliyelala hashoni, wala hatundiki kitu. Walinzi wanapita tu."

"Mbona kaamka sasa?"

"Walinzi wamepungua nguvu. Umri huwapunguza. Uchovu mwingi unaweza kuchangia. Magonjwa kama VVU pia, ndiyo maana watakushauri upime. Si kila mwenye mkanda wa jeshi ana VVU. Ni vizuri kujua tu."

Mama akainua kidevu. "Nitapima. Mtaa useme mpaka uchoke."

Daktari alimulika jicho kwa muda mrefu. Kirusi alikuwa amefika pembeni mwa jicho, lakini hajaingia ndani. Alimpa vidonge vya kupambana na kirusi huyo, mara tano kwa siku kwa siku saba, pamoja na dawa ya jicho. Akamwambia anawe mikono, avifunike vipele, asivikune, na amalize dozi hata akijisikia nafuu.

"Na hii inafanyaje?" Mama akamuuliza Dada Hadubini mlangoni.

"Ni uzi bandia. Kirusi anapotengeneza nakala za karatasi yake, anauchukua. Akifika katikati, unakatika. Nakala haimaliziki."

"Uzi mbovu!" Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Wauzaji wake nawajua."

Mchana huo alilala kwenye kochi, pazia la njano likimwangazia. Alipoamka alitusimulia ndoto. Alikuwa kwenye mtaa mrefu, ndani ya paji lake la uso. Kulikuwa na karakana pande zote mbili, na taa katika kila moja. Walinzi weupe walipita polepole, viatu vyao havisikiki. Kwenye dirisha moja ilining'inia kola kubwa ya babu. Mlinzi akasimama, akaigusa, na taa ya mle ndani ikazimika. Mbele kidogo cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Uzi ukakatika, kukawa kimya. Ya pili nayo ikanyamaza. Mwisho wa mtaa palikuwa na droo. Mama aliivuta kidogo. Ndani alilala mtu mdogo sana, amejikunja, mkono chini ya shavu.

"Ukamfanyaje?" Baba akauliza.

"Nikairudisha droo taratibu, nisimwamshe."

Majibu ya damu yalikuja, hana VVU. Vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nilivirudisha hospitali, na kopo sasa lina vifungo tu. Hoteli ilisubiri mapazia, na dunia haikuanguka. Siku hizi ikifika saa kumi na moja jioni Mama hufunika cherehani, hata kama pindo moja limebaki. Anakula mezani, analala mapema.

"Mwache alale," husema. "Nami nikalale."

Siku ya kumi na nne tulirudi kwa daktari. Vipele vyote vilikuwa vimekauka na magamba kudondoka. Alimulika jicho, akasema liko safi. Mama alimshukuru, lakini nilimjua. Hakuamini.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja dirishani. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, na kwa mkono huo mmoja hakuweza kutunga, kwa hiyo akanipa mimi nimshikie sindano. Nikaisogeza huku na huku nikitafuta mwanga.

"Tulia, wewe macho ya mapambo."

Akabaki na jicho la kushoto peke yake. Akalenga. Uzi ukapita kwa mara moja.

Mama aliutazama uzi ule kwa muda, ukining'inia kwenye mwanga. Kisha akaketi, akatandaza khanga mapajani.

"Sasa," akasema, "nileteeni Bosi wangu."